Siku 211 za Kichina, na bidoni moja sikuweza kusoma

Ndugu na dada wa chama, mnanijua: mimi ni mutu wa mpunga, si mutu wa lugha. Lakini hii habari ya programu za kujifunza Kichina kwenye telefone imefika hadi shambani, kwa hiyo nitasema nilichokiona.

Mwezi wa kumi na moja, mpunga ukiwa bado mdogo, mama mmoja mlimaji alinijia na bidoni ya lita moja aliyoinunua sokoni. Akaniambia: «Ingenieri, hii dawa iko ya wadudu ao ya majani? Muuzaji anasema inaua vyote.» Kibandiko kizima kilikuwa Kichina, hakuna Kifaransa hata neno moja. Alinipa ile bidoni kwa mikono miwili, juu alishasikia kwamba mimi ninajifunza Kichina. Na ni kweli. Siku ile programu yangu ilikuwa inanihesabia siku 211 bila kukatisha hata moja.

Sikuweza kusoma kitu. Nilijua kusema kwamba ninataka kahawa, kwamba dada yangu ni mwalimu, kwamba leo kuna baridi. Nikamwomba anipe mpaka kesho, kusudi nisimdanganye.

Usiku nikafungua Pleco, ile kamusi ya Kichina, nikachora alama moja moja kwa kidole. Tatu za kwanza: 草甘膦, cǎogānlìn. Ni glifosati. Wenzangu wa kilimo mmeshaelewa. Kwa asiyejua: glifosati haichagui, inaua majani na mpunga pamoja. Angepuliza ile dawa kwenye pompi ya mgongoni asubuhi, jioni ya juma lile shamba lingekuwa njano.

Kilichoniuma si kwamba lile neno lilikuwa gumu. Ile alama ya kwanza, 草, nilikuwa nimeiona mara nyingi sana kwenye mchezo. Iko ndani ya cǎoméi, ndiyo stroberi, tunda ambalo sijawahi kuliona likiuzwa soko la Kasongo. Nilikuwa ninagusa picha ya tunda jekundu, kengele inalia, ninapewa alama zangu, ninaendelea. Hakuna siku mchezo uliniambia kwamba 草 peke yake ni majani.

Sasa tuwe wa haki. Hizi programu si bure kabisa. HelloChinese inakuandikisha kwa kidole na inakusikiliza ukisema. Duolingo inakufanya urudi kila siku, na kurudi kila siku ni nusu ya kazi. Mutu wa Nairobi ana Taasisi ya Confucius pale chuo kikuu tangu Desemba 2005. Sisi tuna telefone na pano ya jua. Sitawacheka wanaoshika kile kilicho karibu. Tena vijana wetu wana sababu: mgodi wa Tenke Fungurume uko mikononi mwa kampuni ya Kichina CMOC tangu 2016, na kila anayetoka huku kwenda Lualaba anasikia vile mutu anayejua Kichina kidogo anavyotafutwa.

Lawama yangu iko pengine. Iko kwenye mlango tunaoingilia. Duolingo ilifungua Kichina mwezi wa kumi na moja 2017, kwa wanaojua Kiingereza. Aprili 2025 wakaongeza kozi 148 kwa mara moja, na Kichina kikapatikana kutoka Kifaransa na lugha nyingine nyingi. Kiswahili je? Kimo ndani tangu 2017, lakini kama kitu cha kujifunza, si kama lugha ya kufundishia. Yaani Mwingereza anaweza kupita pale aje kwetu, sisi hatuwezi kupita pale na lugha yetu twende kwa Mchina. Wala si kwamba Wachina hawakijui Kiswahili: Redio Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961.

Mtasema: tulisoma kwa Kifaransa toka shule ya msingi, shida iko wapi? Shida iko kwenye sahani. Mapema kabisa unakutana na neno mǐfàn, na programu inakuandikia: riz. Sawa. Baadaye unakuta mǐ: riz. Baadaye tena, ukibahatika, dào: riz. Mfaransa anakuna kichwa, anakariri maneno matatu kwa kitu kimoja. Lakini sisi! Dào ni mpunga, ule uko shambani. Mǐ ni mchele. Fàn ni wali. Mtoto wa Kasongo anayebeba chakula cha baba yake shambani ana hivi vitatu kichwani kabla hajaanza shule. Mpunga ulifika kwetu na waungwana wakati wa biashara ya misafara, ukaja na maneno yake matatu, na Mchina naye ana yake matatu. Halafu tunapitishwa kwa Mfaransa mwenye neno moja, tunatoka upande wa pili tumechanganyikiwa. Nilikosa hilo swali mara nne. Mimi, agronome wa mpunga!

Toni ni vilevile. Mā ni mama, má ni katani, mǎ ni farasi, mà ni kutukana. Masomo yanaileta hii kama maajabu, kwa sababu yameandikwa kwa watu ambao lugha zao hazina kitu cha namna hiyo. Kiswahili hakina, ni kweli. Lakini Kizimba na Kibangubangu vinacho: ukipandisha sauti ao ukiishusha mahali si pake, bibi anakucheka. Toni zetu si sawa na zao, zao zinapanda na kushuka ndani ya silabi moja. Sikio tu ndilo limeshafunguka. Dada yangu mdogo amekulia kwa bibi Wamaza. Nilimpa telefone asikilize, akazitenganisha siku ya kwanza. Mimi niliyekulia mjini kwa Kiswahili na Kifaransa, ilinichukua miezi. Na kuna wazazi hapa wanaokataza watoto kusema lugha ya nyumbani eti inaharibu masomo. Basi.

Kwa hiyo hukumu yangu: ile michezo chukua kwa sauti, miezi miwili mitatu, kisha usiifuate tena kama deni la kila siku. Inakula mega, na inakulipa kwa kugusa, si kwa kujua. Pleco weka, hata kama maelezo yake ni ya Kiingereza. Ukishaipakua inafanya kazi bila intaneti, na hapa kwetu hiyo ndiyo sifa ya kwanza. Na AnkiDroid, ambayo haina kengele wala picha za kufurahisha, inakuachia utengeneze kadi zako mwenyewe. Mbele naandika 稻, nyuma naandika mpunga. Siandiki riz.

Nimeanza na vibandiko vya dawa. 除草剂 ni dawa ya majani, 杀虫剂 dawa ya wadudu, 杀菌剂 dawa ya ukungu, 有毒 ni sumu. Na jambo ambalo halihitaji hata alama moja: kwenye vibandiko vya Kichina, chini kabisa, kuna mstari wa rangi. Kijani ni dawa ya majani, mwekundu ya wadudu, mweusi ya ukungu, bluu ya panya. Yule mama sasa anaangalia mstari kwanza, kisha ndio anauliza bei.

Kadi ziko 94. Mwenye bidoni ao mfuko wa dawa wenye Kichina nyumbani, apige picha ya kibandiko, chini na mstari uonekane, anitumie.