Heko kwa Wanaowafikia wa Pembezoni

Kutoka Dar es Salaam hadi Sumbawanga ni zaidi ya kilomita 1,000. Umbali huo umezinyima asasi nyingi za Ufipa, eneo la Sumbawanga, nafasi ya kusikika mbele ya wenye fedha. Ndiyo maana Foundation for Civil Society, taasisi iliyoanzishwa mwaka 2002, inastahili pongezi. Ilikusanya michango ya wafadhili wakubwa, ikaigawa kama ruzuku kwa asasi za Tanzania Bara na Zanzibar, zikiwemo ndogo za wilayani.

Ninachokisifu zaidi ni utaratibu wake. Andiko la mradi liliruhusiwa kuandikwa kwa Kiswahili, hivyo mwalimu mstaafu wa Laela au mama wa kikundi cha Matai, huko huko Ufipa, angeweza kueleza shida ya kijiji chake bila mkalimani. Waliofaulu walifundishwa kutunza hesabu na kuandika taarifa kabla ya kuanza kazi, na fedha zilitolewa kwa awamu. Ruzuku pia iliwawezesha wananchi kufuatilia matumizi ya fedha za umma, zile za shule zikiwemo. Mzazi anayejua kiasi kilichotengwa kwa shule ya mwanawe huuliza kwa ujasiri mkutanoni.

Mradi huisha, lakini ujuzi hubaki. Mweka hazina aliyejifunza kutunza stakabadhi atakisaidia kijiji chake miaka mingi. Kwa uwekezaji huo katika watu, tunasema asanteni, na tunawaomba wenye uwezo nchini wachangie mifuko ya namna hii.