Zona haiishi magamba yanapoanguka

Kibati iko kilomita kama 10 kaskazini mwa Goma, chini ya mlima Nyiragongo, kando ya barabara ya Rutshuru. Wanaume hupita hapo na chukudu, zile baiskeli za mbao, zilizojaa kabichi na vitunguu kutoka Kibumba. Wanawake hubeba makala mgongoni, kamba ikiwa imekaza kwenye paji la uso. Kwa watu wa huku nguvu za mwili ndio mtaji, na zona, ambayo Tanzania na Kenya huitwa mkanda wa jeshi, hupiga mtaji huo moja kwa moja. Huunguza ubavu uleule unaoegemewa na gunia, au paji lilelile linalovuta kamba.

Zona ya kifua au mgongo mara chache huua. Linalomvunja mtu ni maumivu, na hapo ndipo matibabu yetu yanapopungua. Tunaishughulikia kama ugonjwa wa ngozi: malengelenge yakikauka na magamba kuanguka, mgonjwa huambiwa amepona, jina lake hufungwa kwenye daftari, naye hurudi nyumbani asiweze hata kuvaa shati.

Chanzo cha maumivu hayo kiko ndani zaidi ya ngozi. Mtu akiugua tetekuwanga utotoni, virusi vyake haviondoki mwilini. Hujificha kwenye vifundo vya neva kandokando ya uti wa mgongo, na hukaa humo miaka mingi. Kinga ikishuka kwa sababu ya uzee, VVU, saratani au dawa fulani, virusi huamka katika kifundo kimoja na kufuata neva yake mpaka kwenye ngozi. Ndiyo maana vipele hukaa upande mmoja na kusimama katikati ya mwili, kwa kuwa eneo la neva hiyo linaishia hapo. Anayeogopa kwamba mkanda ukikutana mbele na nyuma atakufa, aelezwe hivyo kwa upole.

Mara nyingi maumivu hutangulia vipele kwa siku kadhaa, ndipo mtu hutibiwa figo au kichomi bure. Vipele vikishapona, neva iliyojeruhiwa inaweza kuendelea kutuma ishara za uchungu peke yake. Kitambaa kikigusa ngozi, kinachoma. Maumivu yakidumu zaidi ya miezi 3 tangu vipele vitoke, huhesabiwa kuwa ugonjwa unaojitegemea, wenye tiba yake.

Dawa ya kuzuia virusi ni asiklovia, na kwa mtu mzima dozi yake ni miligramu 800 mara 5 kwa siku kwa siku 7. Ifaavyo ianze ndani ya saa 72 tangu kipele cha kwanza. Mwongozo wa Madaktari Wasio na Mipaka unabana zaidi: ndani ya saa 48, kwa zona kali au ya uso. Tupige hesabu. Kwa vidonge vya miligramu 200, dozi kamili ni vidonge 140. Anayeuziwa vidonge 10 farmasini, au tyubu ya krimu ya asiklovia, ametoa pesa yake bure, kwa sababu vidonge hivyo havitoshi, na krimu haifiki kwenye neva. Hata dozi kamili hupunguza zaidi ukali wa siku za mwanzo. Ushahidi kwamba inazuia maumivu ya miezi ya baadaye ni dhaifu. Kwa hiyo aliyechelewa asiambiwe kwamba hakuna la kufanya.

Funzo kubwa zaidi kuhusu kufuatilia maumivu haya lilitoka Kampala. Mwaka 1992 TASO, shirika la Uganda la kuwasaidia wenye VVU, na Madaktari Wasio na Mipaka walianzisha THETA, mradi wa kuwakutanisha waganga wa jadi na madaktari wa hospitali katika vita dhidi ya UKIMWI. Wagonjwa wa VVU wenye zona walikuwa wengi, na wengi wao walikwenda kwa waganga. Watafiti hawakuwabeza waganga wala hawakuwasifu kwa maneno matupu. Walichukua wagonjwa waliotibiwa kwa mitishamba, wakawalinganisha na wa kliniki ya hospitali ya Mulago waliopewa asiklovia au dawa za kutuliza tu. Awamu ya kwanza ilifuatilia watu kwa miezi 3, ya pili kwa miezi 6, na matokeo yalichapishwa mwaka 1999.

Vidonda vilipona kwa kasi iliyokaribiana katika makundi yote mawili. Maumivu hayakwenda hivyo: kwa wagonjwa wa waganga yaliisha haraka zaidi, na katika awamu ya pili tofauti hiyo ilionekana wazi zaidi.

Je, mitishamba ilishinda? Mimi siwezi kusema hivyo. Wagonjwa hawakugawanywa kwa bahati nasibu, na hapakuwa na dawa bandia ya kulinganishia. Anayechagua mganga huenda anatofautiana na anayechagua hospitali kwa hali ya ugonjwa, kwa imani, hata kwa muda anaosikilizwa. Ila njia yao ya kazi nathubutu kuitetea: walihesabu maumivu kando na vidonda, wakarudi kuuliza baada ya mwezi 1, 2 na 3. Wangeishia kwenye magamba, wasingeiona tofauti hiyo ya maumivu.

Kuuliza huko hakuhitaji mashine. Nesi wa kituo cha afya anaweza kumuuliza mgonjwa aonyeshe uchungu wake kati ya 0 na 10, aandike, kisha amwite tena baada ya wiki 4. Akikuta bado anaungua, parasetamoli pekee haitoshi. Dawa ya neva hapo ni amitriptilini, ya bei nafuu, inayojulikana zaidi kama dawa ya huzuni. Huanza na miligramu 10 hadi 25 usiku, ikapandishwa taratibu wiki kwa wiki, isizidi 75. Huleta usingizi na ukavu wa kinywa, na mzee au mgonjwa wa moyo huhitaji uangalizi. Wengi huiacha baada ya siku chache wakidhani haifanyi kazi, kumbe huchukua wiki kadhaa. Mgonjwa aambiwe hilo siku anayopewa kidonge cha kwanza.

Kabamazepini nayo hutumika, lakini ina mtego. Hushusha kiwango cha dolutegravir mwilini, dawa iliyo ndani ya kidonge cha TLD kinachotumiwa na wagonjwa wengi wa VVU nchini Kongo. Atakayepewa zote mbili lazima aongezewe dolutegravir, miligramu 50 mara 2 kwa siku. Daktari asipojulishwa, tunatuliza ubavu huku virusi vya UKIMWI vikipata nafasi.

Na uchungu ukishinda yote hayo, ipo mofini ya maji. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na daktari Anne Merriman mwaka 1993, ilionyesha kwamba unga wa mofini ukichanganywa na maji unaweza kumfikia mgonjwa nyumbani kwake, na baadaye Uganda ikawaruhusu manesi waliofunzwa kuiandika. Kutoka Goma mpaka wa Uganda huko Bunagana hauko mbali. Sioni sababu ya kitabibu ya uzoefu huo kuishia mpakani.

Kuna mambo mawili yasiyosubiri wiki 4. Vipele vikitokea kwenye paji la uso, na hasa vikifika ncha ya pua, jicho liko hatarini: mgonjwa apande pikipiki siku hiyohiyo aende kwa daktari wa macho Goma. Pili, kila kijana mwenye zona apimwe VVU. Tangu miaka ya 1980 madaktari wa Kinshasa waliona kwamba wagonjwa wao wa zona, wengi mno, walikuwa na virusi hivyo. Zona pia isichanganywe na mpox. Tangu ugonjwa huo ufike Kivu Kaskazini, nesi akiona malengelenge atauwaza kwanza, na yuko sahihi. Lakini mkanda wa upande mmoja unaouma kabla ya kutoka humwelekeza kwenye zona. Mgonjwa wa zona afunike vidonda kwa kitambaa safi, na watoto ambao hawajaugua tetekuwanga wasivishike.

Nawaomba wakuu wa vituo katika eneo la afya la Nyiragongo waongeze safu moja kwenye daftari la wagonjwa: maumivu baada ya wiki 4. Nawe msomaji uliyebaki unaungua baada ya magamba kuanguka, rudi kituoni, na useme wazi kwamba bado unaumwa.