Ushindani wa Makandarasi na Swali la Nani Anasimamia Zege

Neno "ushindani" limekuwa la kawaida mno katika semina zetu. Linatamkwa kama zamani lilivyotamkwa neno "mpango", kana kwamba kulitaja tu ni kuimaliza kazi. Katika sekta ya ujenzi wako wanaotuambia kwamba Serikali itangaze zabuni, makandarasi wapambane, mwenye bei nafuu apewe kazi, na Taifa litapata majengo na barabara bora kwa fedha kidogo. Wako wengine, nao si wachache miongoni mwa makada, wanaojibu kwamba dawa ni kuwaondoa wageni na kuwapa wazalendo kazi hizo. Tunayapinga mawazo yote mawili. Si kwamba hayana ukweli ndani yake, ukweli umo. Lakini yote mawili yanalikwepa swali la msingi: zege linapomwagwa, nani amesimama pale kwa niaba ya yule atakayelala chini yake?

Tuanze na historia, kwani pasipo historia mjadala huu hugeuka kuwa ugomvi wa wafanyabiashara. Baada ya Uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la 1967, ujenzi haukuachiwa soko peke yake. Shirika la Nyumba la Taifa lilikwisha kuundwa tangu 1962. Kampuni ya umma ya MECCO ilipewa kazi kubwa za ujenzi. Mwaka 1979 ilipitishwa sheria ya Baraza la Taifa la Ujenzi, nalo likaanza kazi 1981. Hatusemi kwamba enzi hizo zilikuwa za neema. Kila aliyekuwapo anakumbuka saruji ya kibali na majengo yaliyokaa miaka bila paa. Hata hivyo jambo moja lilikuwa wazi: jengo likiharibika, mjenzi alikuwa wa umma na mwenye kulaumiwa alijulikana.

Mageuzi ya uchumi yaliyoanza 1986 yaliugeuza mpango huo. Mashirika ya umma ya ujenzi na ya vifaa yakabinafsishwa, na Dola ikatoka kwenye kujenga ikaenda kwenye kuamua. Mwaka 1997 Bunge likapitisha sheria tatu kwa mpigo, moja ya wahandisi, moja ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi, moja ya makandarasi, na kila sheria ikazaa bodi yake. Baadaye ukaja Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Kibali cha ujenzi kikabaki mikononi mwa halmashauri. Ukihesabu, nguzo moja ya jengo la Kariakoo ina wasimamizi watano au sita. Mhandisi husimamiwa na bodi ya wahandisi, mkandarasi na bodi ya makandarasi, kibarua na mkaguzi wa usalama, ramani na halmashauri. Nguzo yenyewe haina bodi.

Bidhaa isiyoonekana ndani

Wanaosifu ushindani huchukua mfano wa soko la nyanya. Mnunuzi huitazama nyanya, huiminya, na muuzaji wa nyanya mbovu hurudi nazo nyumbani. Mfano huu haufai kabisa kwa ujenzi. Mshitiri hununua jengo kabla halijakuwapo. Anachonunua ni ahadi na karatasi ya mchanganuo wa gharama. Na jengo likiisha kusimama, kilicho muhimu kuliko vyote kimefunikwa na plasta.

Tutazame hesabu ndogo ambayo kila fundi anaijua. Zege la uwiano wa moja kwa mbili kwa nne, yaani saruji, mchanga na kokoto, likigeuzwa kimyakimya kuwa moja kwa tatu kwa sita, karibu theluthi moja ya saruji hubaki ghalani. Rangi haibadiliki sana. Mbao za umbo zikiondolewa nguzo inasimama vilevile. Kipimo cha kweli ni kile cha mchemraba wa zege unaovunjwa maabara baada ya siku 28, na katika siku hizo 28 mkandarasi mwenye haraka amekwisha kumwaga ghorofa ya juu yake. Nondo nazo zikishamezwa na zege, nani atazihesabu?

Sasa mpe mtu huyu zabuni anayoshindania kwa bei. Mkandarasi mwaminifu akipiga hesabu ya saruji kamili, bei yake inapanda. Asiye mwaminifu anajua tangu siku ya kufungua bahasha kwamba theluthi ile hataimwaga, hivyo bei yake inashuka, na kazi anapata yeye. Hapa ushindani haumwondoi mbovu, bali humfukuza mwema. Kwa haki ya sheria tuseme kwamba sheria zetu za ununuzi hazikusema aliyeandika bei ya chini kabisa ndiye apewe. Zilitaka bei ya chini baada ya tathmini. Lakini ofisa wa ununuzi anayempa kazi mwenye bei ya pili atalazimika kujieleza mbele ya wakaguzi wa hesabu, ilhali anayempa mwenye bei ya kwanza hataulizwa neno. Kwa hiyo tathmini huwa fupi.

Matokeo yake si ya nadharia. Tarehe 29 Machi, 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam, katika Mtaa wa Indira Gandhi, liliporomoka na kuua watu 36, na ikatangazwa kwamba kibali chake kilikuwa cha ghorofa 10. Ghorofa sita hazipandi usiku mmoja. Zilipanda mchana, kwenye mtaa wenye watu, mwendo mfupi kutoka ofisi za wale wote waliopaswa kuzizuia. Tarehe 16 Novemba, 2024 jengo jingine la ghorofa lilianguka Kariakoo, likaua watu zaidi ya 20, wengi wao wachuuzi na wanunuzi. Aliyekuwa Waziri Mkuu wakati huo, Ndugu Kassim Majaliwa, aliunda kamati ya kukagua majengo ya eneo lile. Tunaheshimu uamuzi huo, ila tunauliza: ikiwa zipo bodi, lipo baraza, upo wakala na ipo halmashauri, kwa nini ilihitajika kamati ndipo tujue majengo yetu yana hali gani? Jibu letu ni kwamba usimamizi uliopo umejengwa kuwakagua watu na vyeti vyao. Mkandarasi hulipa ada, huonyesha mtambo na fundi sanifu wake, hupewa daraja kati ya la kwanza na la saba. Baada ya hapo anajulikana kwa daraja lake, wala si kwa zege lake.

Mzalendo na mgeni

Wenzetu wa mawazo ya pili wana hoja nzito. Ushindani kati ya wasio sawa si ushindani. Reli ya TAZARA, kilometa 1,860 zilizojengwa kati ya 1970 na 1975, ilikuwa kazi ya mshikamano. Lakini idara ya China iliyoisimamia ndiyo iliyozaa, mwaka 1979, kampuni ya CCECC, ambayo leo inapata zabuni katika nchi yetu kama kampuni yoyote nyingine ya biashara. Ni miongoni mwa waliojenga daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025. Hatuna chuki na jambo hilo. Tunataka tu lieleweke kuwa kampuni ya namna hiyo inakuja na mitambo yake, benki za Taifa lake na uzoefu wa miongo mingi, na inashindanishwa na Mtanzania anayeweka hati ya nyumba yake rehani ili apate dhamana ya benki ya kutekeleza mkataba, dhamana ambayo kwa kawaida ni sehemu ya kumi ya thamani ya kazi.

Kwa sababu hiyo tunaiunga mkono hatua iliyochukuliwa chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 na kanuni zake za 2024, ambayo imezitenga kazi za ujenzi zisizozidi shilingi bilioni 50 kwa kampuni za wazawa. Kiwango cha zamani kilikuwa bilioni 10. Lakini tusijidanganye. Kanuni hii inalinda jina lililo juu ya bahasha. Haisemi mtambo ni wa nani, fedha zimetoka wapi, wala faida inakwenda wapi. Mzawa anayekodisha cheti chake cha usajili kwa mgeni, kisha akakaa nyumbani akisubiri asilimia yake, hajengi uwezo wa Taifa. Huyo ni dalali, na udalali tuliupiga vita ukiwa wa mgeni, hatuoni sababu ya kuubariki ukiwa wetu.

Yupo pia mshitiri, naye ni Serikali yenyewe. Hili halisemwi vya kutosha katika vikao vyetu. Mkandarasi mdogo huchukua mkopo wa benki, hufanya kazi, mhandisi husaini hati ya malipo, kisha husubiri miezi, pengine zaidi ya mwaka. Riba ya benki haisubiri. Mkataba humpa haki ya kudai riba kwa malipo yaliyochelewa, lakini ni wangapi wanathubutu kuidai, wakijua mshitiri wa kesho ni yule yule? Kampuni kubwa ya nje huvumilia, ya hapa hufa. Kwa maneno mengine, Serikali inayotenga kazi kwa mzawa kwa mkono wa kulia humnyonga kwa mkono wa kushoto, na hakuna bodi yoyote kati ya zile yenye uwezo wa kumwita mshitiri huyo ajieleze.

Halafu kuna utaratibu wa kuacha makandarasi kabisa na kujenga kwa mafundi wa kawaida chini ya kamati za shule na vijiji. Mwaka 2021, kwa fedha za UVIKO-19, vyumba 15,000 vya madarasa vilijengwa hivyo, kila kimoja kwa shilingi milioni 20. Makandarasi walinung'unika, na hatuwaungi mkono moja kwa moja: fedha zilibaki katani, fundi wa kijiji alipata kazi, mwenye duka la saruji aliuza, na watoto wakaingia darasani. Ila bei ile moja kwa nchi nzima ilikuwa amri isiyojua jiografia. Mfuko wa saruji ulio jirani na kiwanda cha Wazo si sawa na mfuko huo huo ukishavushwa hadi Ukerewe. Palipopungua, wananchi walijazia kwa michango na nguvu zao, au uwiano wa zege ulijazia kwa namna tuliyoieleza hapo juu. Na mhandisi wa halmashauri, mwenye shule nyingi na gari moja lisilo na mafuta, alisaini.

Wakitaka mfano wa usimamizi uliotenda kazi, wasome shauri la saruji. Scancem, kampuni tanzu ya Heidelberg ambayo ni mmiliki mkuu wa Twiga, ilipotaka kuinunua Saruji ya Tanga, Baraza la Ushindani lilibatilisha idhini hiyo Septemba 2022, kwa kuwa sehemu ya soko ingevuka asilimia 35 iliyowekwa na sheria. Mnunuzi hakukata tamaa, idhini mpya ikatoka 2023, na 2024 hisa hizo zikauzwa kwa Amsons. Mtu anaweza kubisha juu ya mwisho wa hadithi. Sisi tunachoshika ni kwamba kulikuwa na tarakimu moja iliyo wazi na mahali pa kwenda kulalamika.

Katika ujenzi wa majengo tarakimu hiyo ipo tayari: ni matokeo ya mchemraba wa siku 28. Tunapendekeza yabandikwe langoni mwa kila saiti ya umma, chini ya bango la mradi, kwa kila nguzo na kila sakafu, pamoja na tarehe hati ya malipo iliposainiwa na tarehe fedha zilipotoka. Ghorofa ya tatu isimwagwe kabla majibu ya ghorofa ya kwanza hayajabandikwa. Katibu wa tawi hahitaji kuwa mhandisi ili aone kwamba karatasi haipo.