Sharti au Kizuizi?

Miongoni mwa istilahi za kompyuta zinazowatatiza wafasiri ni ile ya mahitaji yanayowekewa aina za jumla. Aina ya jumla ni nafasi iliyoachwa wazi katika programu, ili kazi iliyoandikwa mara moja itumike kwa namba, kwa maneno au kwa data nyingine. Lugha ya Java iliipokea njia hii mwaka 2004, na C# mwaka 2005. Zote mbili humruhusu mwandishi wa programu kutaja sifa ambazo aina itakayojaza nafasi hiyo lazima iwe nazo.

Mfasiri huvutwa kwa urahisi kuziita sifa hizo vizuizi. Sisi hatuliafiki neno hilo. Kizuizi huzuia tu, hakitoi kitu. Lakini jambo hili lina pande mbili: huikataa aina isiyofaa, na papo hapo humpa mwandishi haki ya kuitumia sifa aliyoitaja. Aina ikitakiwa iwe yenye kulinganishika, mwandishi ataweza kulinganisha bila ya wasiwasi. Neno sharti ndilo libebalo maana zote mbili, kama ilivyo katika mkataba: linalomfunga mmoja humpa mwenziwe haki ya kulidai.

Tatizo huzidi masharti yanapokuwa zaidi ya moja. Tuchukue mfano wa Java, ambapo aina yatakiwa iwe ya ukoo wa Number na pia itimize Comparable, yaani ilinganishike na nyingine ya namna yake. Integer hupita. String yalinganishika, lakini si ya ukoo wa Number, hukataliwa. AtomicInteger ni ya ukoo huo, lakini hailinganishiki, nayo hukataliwa. Java huyaunganisha masharti hayo kwa alama ya &, hali C# huyatenga kwa mkato tu. Mfasiri akiuhamisha mkato huo katika Kiswahili, akaandika "iwe namba, yenye kulinganishika, yenye kunakilika", mwanafunzi aweza kudhani kuwa moja latosha. Programu yake itakataliwa hata kabla ya kutumika, wala hatajua sababu.

Kwa hiyo twapendekeza sharti kwa moja, na masharti ya pamoja kwa mengi; tena neno "na" liandikwe waziwazi kati ya kila mawili. Twawaomba walimu na wafasiri wayapime maneno haya katika kazi zao, kisha watuletee maoni.