Urefu wa kijana wa Msomera unatuambia nini hasa?

Tangu Juni 2022, familia za wafugaji zimekuwa zikihama kutoka Hifadhi ya Ngorongoro kwenda Msomera, wilayani Handeni. Wapo wanaosema watoto wao sasa watakua vizuri kwa sababu kuna shamba la ekari 5. Wengine wanasema watadhoofika, maana mfugaji bila malisho ya kutosha hana maziwa. Na sisi watu wa lishe tunaitwa na mizani yetu tuamue nani yuko sahihi.

Kwa jinsi tulivyozoea kupima, hatuwezi kuamua. Mazoea yetu, hata kwenye tasnifu zetu za uzamili, ni haya: unafika shuleni, unapima urefu na uzito mara moja, unaingiza kwenye programu, inakujibu: huyu amedumaa, huyu amekonda, huyu yuko sawa. Jibu linaonekana safi, lakini tunalisoma vibaya.

Chukua kijana aliyezaliwa mwanzoni mwa 2008 Ngorongoro, akapimwa Msomera 2023. Siku zake 1,000 za mwanzo, zile zinazoamua sehemu kubwa ya urefu, ziliisha mwanzoni mwa 2010. Katikati yake kulikuwa na ukame mkali wa 2008 na 2009 ulioua mifugo mingi kaskazini, na 2009 hiyo hiyo kilimo kikapigwa marufuku tena ndani ya hifadhi, baada ya kuruhusiwa 1992. Ufupi wake, kama upo, unasimulia zaidi habari za miaka hiyo. Kuuhesabu kama matokeo ya Msomera ni kumsingizia mtu asiyekuwepo.

Huhitaji kwenda Handeni kuliona hili. Shuleni Karatu, kijana aliyetoka Ngorongoro na mwenzake Mwiraqw wanaweza kukaa dawati moja na kula makande yale yale kila mchana. Wakipishana urefu, usikimbilie kulaumu makande.

Halafu kuna balehe. Chati ya Shirika la Afya Duniani ya miaka 5 hadi 19, iliyotoka 2007, imetegemea zaidi vipimo vya zamani vya watoto wa Marekani. Kijana wa kifugaji mara nyingi huchelewa kubalehe. Kwa Waturkana wa Kenya, watafiti walikuta wanaume wakiendelea kurefuka hata baada ya miaka 20. Akiwa na miaka 14 chati inamwita mfupi, kumbe kasi yake bado haijaanza. Uzito nao una mtego wake: mwenye miguu mirefu na kiwiliwili kifupi anaonekana amekonda kwenye hesabu hata akiwa na afya yake.

Je, basi tuache kupima? Hapana. Barry Bogin na wenzake walilinganisha watoto wa Kimaya waliokulia Marekani na wale wa Guatemala, wakakuta wa Marekani wamewazidi kwa zaidi ya sentimita 11, na zaidi ya nusu ya tofauti hiyo ilikuwa miguuni. Kwa hiyo kuhama kunaweza kweli kubadili mwili. Ila wao walikuwa na kundi la kulinganisha nalo, na walipima miguu peke yake.

Hata hapa kwetu kuna kazi nzuri. David Lawson na wenzake, 2014, walionyesha kwamba watoto wa Kimaasai kaskazini walikuwa nyuma ya majirani zao kiafya, na wakakataa kuupamba ufugaji. Naikubali. Lakini waliwatazama watoto wa chini ya miaka 5. Vijana, ambao ndio wanaobadilishiwa maziwa kwa ugali katikati ya kukua, hawamo.

Tunachohitaji si kigumu: tarehe ya kuzaliwa iliyothibitishwa, urefu wa kukaa, hatua ya balehe, na kumpima kijana yule yule kila baada ya miezi 6, Msomera na kwa wenzao waliobaki Ngorongoro. Kinachosomeka hapo ni kasi: ameongeza sentimita ngapi tangu ahame.

Bila hayo, namba zetu zitatumiwa na yeyote aliyeshaamua jibu kabla. Na yule kijana wa 2008 hatasubiri: mifupa ikishafunga, ugali wala maziwa havitamrefusha tena.