Vidole Kumi

Ukitaka kujua kama mtoto amefundishwa kupiga chapa, usitazame skrini, mtazame macho. Yakishuka kwenye kibodi kila baada ya herufi mbili, bado anadonoa. Yakibaki juu, kwenye maandishi anayonakili, basi kuna mwalimu aliyekaa naye siku baada ya siku akimkumbusha arudishe vidole kituoni. Mwalimu huyo hana kipindi chake kwenye ratiba ya shule nyingi za msingi. Namsifu hapa kwa sababu kazi yake ni ya mikono, na watu wa Kapkatet, huku kwenye mashamba ya chai ya Kenya, tunajua thamani ya mikono.

Mchumaji chai aliyeiva hatazami vidole vyake. Majani mawili na kichipukizi huvunjwa na mikono yote miwili kwa pamoja na kurushwa kikapuni mgongoni, huku macho yametangulia kwenye kichaka kinachofuata na mdomo unapiga gumzo na jirani. Watoto wetu wengi huuona ustadi huo nyumbani kabla hawajajua kusoma. Sidhani kuna darasa lolote la kompyuta linaloanza na mfano bora kuliko huo, lakini walimu wachache huutumia.

Mwaka 2016 serikali ilianza kugawa vishikwambi kwa darasa la kwanza, ikitimiza kwa kuchelewa ahadi ya kampeni ya 2013, na hatimaye vifaa zaidi ya milioni moja vikafika katika shule za umma nchini. Sina ugomvi na kishikwambi. Ila kioo ni kioo: hakina mpaka kati ya herufi na herufi, na kidole hakiwezi kujua kiko wapi mpaka jicho likiambie. Mtoto anaweza kukigusagusa miaka mitatu na vidole vinane vikabaki bila kazi.

Kwa upande mwingine, mwalimu asiye na kompyuta hata moja anaweza kuanza kesho. Achore kibodi kwenye karatasi ya manila, aitundike ukutani, na kila mtoto achore yake juu ya kipande cha boksi. Penye F na J agundishe punje ya mchele, maana kibodi ya kweli ina kijinundu kwenye herufi hizo mbili, na hapo ndipo vidole vya shahada vinapotua. Vingine hujipanga vyenyewe: vya mkono wa kushoto juu ya D, S na A, vya kulia juu ya K, L na nukta-mkato. Darasa zima linaita herufi kwa sauti moja na kubonyeza boksi. Baadaye, kompyuta ikipatikana, leso hutandazwa juu ya mikono. Watakaochungulia watachungulia, na hilo si kosa la kuadhibiwa. Dakika kumi kila asubuhi zinashinda saa nzima ya Ijumaa, kwa sababu kidole cha mwisho cha mtoto wa miaka minane huchoka upesi.

Kidole hicho kinastahili aya yake. Christopher Sholes na wenzake walipopanga herufi za taipureta huko Marekani, mashine ikaanza kuuzwa mwaka 1874, hakuna aliyefikiria Kiswahili. A ilikwenda ukingoni kushoto, na wanaochapa kwa vidole kumi leo huibonyeza kwa kidole kilicho dhaifu kuliko vyote. Sasa andika: mama anachuma majani ya chai. Hizo ni herufi 24, na 9 kati yake ni a. Vitenzi vyetu vya asili ya Kibantu huishia hapo hapo karibu vyote. Anayechapa Kiswahili anakitwika kidole kimoja mzigo ambao Mmarekani huyo hakuupanga.

Lakini balaa hiyo ina neema yake. A iko kwenye safu ya kati, kwa hiyo mtoto wa Kiswahili huandika maneno kamili siku ya kwanza bila kutoka kwenye safu hiyo: kaka, lala, haja, shaka, kasha, ghala. Lahaja ndilo tamu kuliko yote, maana mikono inapokezana mwanzo hadi mwisho, kulia kushoto, kulia kushoto. Sasa na saga ni magumu, yanabanwa mkono mmoja. Yasubiri wiki ya pili. Vitabu vya mazoezi vya Kiingereza havina mpangilio huu, na mwalimu anayevifuata neno kwa neno anaiacha mezani zawadi ya lugha yake.

Kisha yaje majina. Hakuna kinachomkalisha mtoto kwenye kibodi kama jina lake, na hapa Kipsigis, lugha ya kwetu, kina mzaha wake. Wasichana wanaoanza na Chep wana bahati: C kushoto, H kulia, E kushoto, P kulia, mwendo wa kucheza. Wavulana wa Kip wanakwama mkono wa kulia, tena K na I zote ni za kidole kimoja. Mvumilie Kiprono.

Ustadi wenyewe ni wa zamani. Julai 1888, mjini Cincinnati, Frank McGurrin alishinda pambano la kuchapa bila kutazama herufi, na habari zake zikaenea. Kwetu ulikaa kwenye vyuo vya makarani, kama Kianda cha Nairobi kilichofunguliwa mwaka 1961, ukahesabiwa kuwa kazi ya wasichana wa ofisini. Ndiyo sababu wakurugenzi wetu wengi bado wanadonoa.

Leo kila mtu ni karani. Mwalimu husajili wanafunzi mtandaoni, mzazi hutafuta huduma kwenye eCitizen, tovuti ya serikali, na asiyejua kuchapa humlipa kijana wa saiba amwandikie jina lake mwenyewe. Wapo wanaosema simu itasikia sauti na kuandika. Na iwe hivyo. Nitafurahi kuliona darasa la watoto hamsini wakiimbia simu hamsini insha zao kwa wakati mmoja.

Ombi langu kwa mwalimu ni moja tu: mashindano ya kasi yangoje. Mtoto anayekimbizwa na saa hurudi kwenye vidole viwili anavyoviamini, na kazi ya muhula mzima inaharibika Ijumaa moja. Kwanza usahihi, halafu mdundo ulio sawa, hata ukiwa wa kobe. Kasi ije yenyewe gredi ya sita, na ikichelewa, ichelewe.