Keke na Hesabu ya Nguvu

Ningepewa kuandika kitabu cha fizikia cha sekondari, sura ya mashine rahisi ningeianza kwa keke, si kwa ile roda ya kisimani ambayo kila mwanafunzi huichora akafaulu nayo mtihani na kuisahau. Keke ni chombo cha kutobolea mbao cha mafundi wa majahazi na wachonga milango wa pwani, na sura nzima imo ndani yake.

Vipande vyake ni vinne tu. Kekee ndicho chuma chenye ncha bapa. Hukazwa kwenye msukano, mti wa mviringo unaozunguka. Juu ya msukano hukaa jivu, kishikio chenye tundu, ambacho fundi hukikandamiza kwa mkono mmoja. Mkono wa pili hushika uta, na ugwe wa uta umezungushwa msukanoni. Uta ukienda, msukano unazunguka. Ukirudi, unazunguka kinyume. Kwa kuwa kekee imenolewa pande zote mbili, kwenda ni kazi na kurudi ni kazi.

Sasa hesabu. Tuseme msukano una unene wa sentimita 3 na kekee ina upana wa milimita 6. Msukano umeizidi kekee mara 5, basi makali ya chuma huula mti kwa kani mara 5 ya ile inayovuta ugwe, ukitoa inayomezwa na msuguano. Lakini uta ukisafiri sentimita 60, makali yamesafiri 12 tu. Zidisha kani kwa umbali, huku na huku, kazi ni ile ile. Winchi ya bandarini haijawahi kuikwepa hesabu hii, wala wenzo wa mpasua mawe. Hiari ya fundi iko kwenye msukano: mwembamba huzunguka mara nyingi kwa mvuto mmoja ila hauna ubavu; mnene huenda polepole ukaung'ata mti mgumu. Ni gia za baiskeli hizo.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi fundi anavyocheza na msuguano. Ugwe usipoushika msukano, uta unakwenda na kurudi na chuma kimelala. Ukibana mno, kila kitu kinakwama. Kwa hiyo vidole vya mkono wa uta huukaza ugwe na kuulegeza papo kwa papo, huku ndani ya tundu la jivu kukitiwa mafuta, maana pale msuguano hauna faida yoyote ila kupasha moto. Gusa kekee iliyotoka sasa hivi kwenye mti mkavu. Sehemu ya nguvu za mkono utaikuta pale, imekuwa joto.

Chombo hiki ni cha kale kupita kiasi. Kwenye kaburi la Rekhmire huko Thebes, Misri, la karne ya 15 kabla ya Kristo, maseremala wamechorwa wakitoboa kwa uta. Kwetu, mtepe, chombo cha baharini cha zamani, ulishonwa kwa kamba ya nazi bila msumari hata mmoja, na kila mshono ulidai tundu lake. Jahazi la misumari halikupunguza kazi: msumari ukigongwa bila kutobolewa njia, ubao unapasuka.

Mtu anayefanya kazi kwa saa nyingi hutoa wati 75 hivi. Drili ya umeme ya wati 600 ni watu wanane, na fundi mwenye mataruma ya kufunga kabla ya msimu kugeuka simlaumu akiichukua. Ila drili haijui imekutana na kifundo cha mti mpaka imekwisha kukiparura. Mwenye uta hukisikia kwenye ugwe, akapunguza mkandamizo, akakipita taratibu. Kutoboa karibu na ukingo wa ua lililokwisha kuchongwa kwenye mlango wa msaji, mimi ningemwita huyo.